Jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa, na jinsi hamira ilivyofikia kutengeneza dawa ya malaria

Kila kiumbe hai, kuanzia bakteria wasioonekana kwa macho hadi mwanadamu, hubeba ndani ya seli zake maagizo ya kujijenga na kujiendesha. Maagizo hayo ndiyo jeni, nayo yamehifadhiwa katika molekuli ndefu iitwayo DNA. Bakteria aina ya Escherichia coli, ambao makao yao ni utumbo wa binadamu na wanyama, wana jeni zipatazo 4,300. Hamira ya kuumulia mandazi ina takriban 6,000, naye binadamu ana karibu 20,000 zinazounda protini.

Hata hivyo, kuwa na jeni ni jambo moja na kuitumia ni jambo jingine. Seli ya ini na seli ya jicho la mtu mmoja zina jeni zilezile, ilhali kazi zake hazifanani hata kidogo. Tofauti hutokana na jeni zipi zimewashwa, zipi zimezimwa, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Elimu ya udhibiti huo, iliyoanza kama udadisi wa maabara katika karne iliyopita, leo ndiyo msingi wa viwanda vinavyotengeneza insulini, viungo vya lishe ya mifugo, vimeng'enya vya kugandisha jibini na hata malighafi ya dawa za malaria.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki suala hili si la kinadharia tu. Limegusa bei ya dawa ambayo wagonjwa wengi huitegemea, na vilevile limegusa mifuko ya wakulima waliopanda mmea unaotoa dawa hiyo.

JENI, VIMENG'ENYA NA NJIA ZA METABOLI

Jeni haifanyi kazi yenyewe. Seli inapoihitaji, hunakili maelezo yake katika molekuli ya muda mfupi iitwayo RNA, kisha nakala hiyo husomwa na mitambo midogo ya seli ili kuunda protini. Protini nyingi ni vimeng'enya, yaani vichocheo vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia ambayo bila ya hivyo yangechukua muda mrefu mno au yasingetokea kabisa.

Jumla ya mabadiliko hayo ndani ya kiumbe huitwa metaboli. Aghalabu vimeng'enya hufanya kazi kwa mfuatano: kinachotolewa na kimoja huwa malighafi ya kinachofuata. Mfano wa karibu ni kiwanda cha chai, ambamo majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yabadilike rangi, kisha hukaushwa. Hatua moja ikikwama, zilizo nyuma yake hurundikana na zilizo mbele hukosa kazi. Mfuatano wa namna hiyo ndani ya seli ndio wataalamu huuita njia ya metaboli.

Seli moja ina mamia ya njia hizi, na nyingi huungana na kutengana kama barabara za mji. Sukari ileile inaweza kugeuzwa kuwa nishati, mafuta, pombe au kuta za seli. Uamuzi wa malighafi ielekee wapi hufanywa kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni kudhibiti jeni, ili kimeng'enya fulani kitengenezwe kwa wingi, kwa uchache au kisitengenezwe. Ya pili ni kudhibiti kimeng'enya chenyewe baada ya kutengenezwa, kwa kukizuia au kukiamsha. Namna ya kwanza huchukua dakika kadhaa au saa. Ya pili hutokea papo hapo.

SWICHI YA SUKARI YA MAZIWA

Ufahamu wa jinsi jeni zinavyodhibitiwa ulipata msingi imara jijini Paris, katika Taasisi ya Pasteur. Katika miaka ya 1940 mwanasayansi Mfaransa Jacques Monod aligundua kwamba bakteria waliopewa aina mbili za sukari, glukosi na laktosi, hawazili kwa pamoja. Humaliza glukosi kwanza, hutulia kwa muda, kisha huanza kula laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa.

Kutulia huko ndiko kulikokuwa na siri. Ili kuvunja laktosi, bakteria huhitaji kimeng'enya maalumu kiitwacho beta-galaktosidesi. Kukitengeneza kunagharimu nishati, kwa hiyo seli haikitengenezi pasipo sababu. Mwaka wa 1961, Monod na mwenzake François Jacob walichapisha maelezo ya mfumo huo, ambao waliuita operoni.

Kulingana na maelezo yao, jeni tatu zinazohusika na laktosi zimepangwa pamoja na kuwashwa kwa swichi moja iliyo mwanzoni mwake. Karibu na swichi hiyo huketi protini ya kuzuia, mithili ya bawabu aliyesimama mlangoni, na maadamu ipo hapo jeni haziwezi kunakiliwa. Laktosi inapoingia katika seli, sehemu yake ndogo hubadilishwa kidogo na kujishikiza kwenye protini hiyo. Umbo la bawabu hubadilika, akabanduka kutoka kwenye DNA, na njia ikafunguka. Kiasi cha kimeng'enya huweza kuongezeka takriban mara elfu moja.

Kuna sharti la pili. Glukosi ikiwa bado ni nyingi, jeni za laktosi hubaki zikifanya kazi kwa kusuasua hata kama laktosi ipo. Ni pale glukosi inapokwisha ndipo protini nyingine ya kuchochea hujishikiza karibu na swichi na kuongeza kasi. Kwa hivyo bakteria huuliza maswali mawili kabla ya kutumia nguvu zake: je, laktosi ipo? Na je, chakula kilicho bora kuliko hicho kimekwisha?

Jacob na Monod, pamoja na André Lwoff, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1965. Mwaka uliofuata, Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walifaulu kuitenga ile protini ya kuzuia, wakathibitisha kwamba bawabu huyo hakuwa wa kubuniwa.

ZAO LINAPOFUNGA NJIA YAKE LENYEWE

Namna ya pili ya udhibiti ilidhihirika mwaka wa 1956, wakati Edwin Umbarger wa Marekani alipoonyesha kwamba asidi amino iitwayo isolusini huzuia kimeng'enya cha kwanza katika njia inayoiunda. Zao la mwisho likizidi, hurudi mwanzoni na kufunga mlango. Likipungua, mlango hufunguka tena. Mfumo huu hufanana na boya la tangi la maji, ambalo hupanda na kufunga bomba tangi linapojaa.

Kwa seli, mpango huo ni wa busara, kwani huepusha ufujaji. Kwa mwenye kiwanda, ni kikwazo. Anayetaka kuvuna lisini kwa tani hawezi kuridhika na bakteria wanaoacha kuitengeneza mara tu mahitaji yao yanapotoshelezwa.

Lisini ni asidi amino iliyo haba katika mahindi, na ndiyo sababu huongezwa katika chakula cha kuku na nguruwe kilichochanganywa viwandani. Sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani hutengenezwa na bakteria aina ya Corynebacterium glutamicum, waliogunduliwa nchini Japani katika miaka ya 1950 na watafiti wa kampuni ya Kyowa Hakko waliokuwa wakitafuta njia ya kuzalisha glutamati, kiungo cha kukoleza ladha ya chakula. Ili kupata lisini kwa wingi, wataalamu walitafuta bakteria ambao kimeng'enya chao cha mwanzo kimebadilika kiasi cha kutotambua lisini iliyozidi. Boya likaharibiwa kwa makusudi, na bomba likabaki wazi.

Kazi hiyo ya awali ilifanywa pasipo kuhamisha jeni yoyote. Watafiti waliwaathiri bakteria kwa kemikali au miale ili kuleta mabadiliko ya kubahatisha, kisha wakawachagua wachache walioonyesha sifa iliyotakikana. Ilikuwa kazi ya subira, na mara nyingi mchaguzi hakujua ni jeni ipi iliyobadilika.

INSULINI YAFUNGUA UKURASA MPYA

Katika miaka ya 1970 wanasayansi walipata uwezo wa kukata DNA mahali maalumu, kuunganisha vipande kutoka viumbe tofauti na kuvirudisha ndani ya bakteria. Jeni ya kiumbe kimoja sasa ingeweza kuwekwa chini ya swichi ya kingine.

Mwaka wa 1978, watafiti wa kampuni ya Genentech na kituo cha City of Hope huko California walitangaza kwamba bakteria wa E. coli walikuwa wametengeneza insulini ya binadamu. Insulini huundwa na minyororo miwili, mmoja wenye asidi amino 21 na mwingine 30. Watafiti walitengeneza jeni ya kila mnyororo, wakaiunganisha na jeni ya beta-galaktosidesi na kuiweka chini ya ile swichi ya laktosi iliyoelezwa na Jacob na Monod. Ugunduzi uliotokana na swali la jinsi bakteria wanavyokula ukawa chombo cha kutengenezea dawa.

Insulini hiyo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1982. Kabla ya hapo, wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyotolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka wa 1990, Marekani iliidhinisha kimosini, kimeng'enya cha kugandisha jibini, kilichotengenezwa na vijidudu badala ya kutolewa katika matumbo ya ndama.

Katika mifano yote miwili, kilichotakiwa kilikuwa protini moja, na protini hutokana moja kwa moja na jeni. Dawa nyingi za mimea haziko hivyo. Ni molekuli zinazoundwa kwa hatua nyingi na kwa vimeng'enya vingi. Kuzitengeneza ndani ya vijidudu kulihitaji kuhamisha njia nzima ya metaboli, na hapo ndipo malaria inapoingia.

KUTOKA JANI LA ATEMISIA

Kufikia miaka ya 1990, klorokwini, iliyokuwa tegemeo la Afrika kwa miongo mingi, ilikuwa imepoteza makali kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa sugu. Kenya iliiacha mwaka wa 1998 na kuchukua dawa za kundi la Fansidar. Nazo hazikudumu. Mwaka wa 2004, serikali ilitangaza kuhamia dawa mseto zenye atemisinini.

Atemisinini hutokana na mmea wa Artemisia annua, ambao asili yake ni bara Asia. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliongoza kazi ya kuitenga kati ya mwaka wa 1971 na 1972, katika mradi wa siri wa serikali ulioanza Mei 1967. Kidokezo alikipata katika maandishi ya kale ya tiba ya Kichina, yaliyoshauri mmea uloweshwe katika maji na kukamuliwa. Tu alitambua kwamba huenda joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la chini. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Mmea huo huihifadhi atemisinini katika tezi ndogo zilizo juu ya majani. Kiasi chake ni kidogo, kwa kawaida karibu asilimia moja ya uzito wa majani makavu au pungufu. Mkulima hupanda, husubiri miezi kadhaa, huvuna na kukausha majani, kisha kiwanda huyakamua. Kutoka mbegu hadi kidonge hupita mwaka mmoja na zaidi. Kwa hiyo mahitaji yakipanda ghafla, shamba haliwezi kuitikia kwa haraka. Na wakulima wengi wakipanda kwa pamoja, soko hufurika.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Baada ya Shirika la Afya Duniani, WHO, kupendekeza dawa mseto, bei ya atemisinini ilipita dola 1,000 za Marekani kwa kilo karibu mwaka wa 2005. Wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki wakaingia shambani. Nchini Kenya kiwanda cha kukamua majani hayo kilijengwa Athi River, kikipokea mazao ya wakulima wa eneo hili. Muda si muda bei iliporomoka hadi chini ya dola 250, na wengi waliokuwa wamewekeza wakapata hasara.

NJIA YA MMEA NDANI YA HAMIRA

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kundi lililoongozwa na Jay Keasling lilikuwa likitafuta njia ya kuzalisha dawa hiyo bila shamba. Mwaka wa 2003 watafiti hao walionyesha kwamba bakteria wa E. coli wanaweza kutengeneza amofadini, molekuli ya hatua za awali katika njia ya atemisinini. Mnamo Desemba 2004, Wakfu wa Bill na Melinda Gates ulitoa dola milioni 42.6 kwa mradi ulioshirikisha chuo hicho, shirika lisilo la kibiashara la Institute for OneWorld Health, na kampuni changa ya Amyris.

Baadaye kazi ilihamia kwenye hamira. Sababu ni kwamba hatua zinazofuata huhitaji vimeng'enya ambavyo kwa kawaida hukaa katika tando za ndani ya seli. Hamira ina tando za namna hiyo, bakteria hawana.

Isitoshe, hamira tayari ilikuwa na nusu ya barabara. Kama viumbe wengi, ina njia ya metaboli iitwayo mevaloneti, inayogeuza mabaki ya sukari kuwa molekuli yenye kaboni 15 ijulikanayo kwa kifupi kama FPP. Katika hali ya kawaida hamira huitumia FPP kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoimarisha utando wake. Mmea wa atemisia nao huianzia hapohapo, lakini hukata kona: kimeng'enya chake kimoja huigeuza FPP kuwa amofadini, na vingine huisukuma mbele hadi kuwa asidi ya atemisinini. Mwaka wa 2006, Keasling na wenzake walichapisha habari za hamira iliyopewa jeni za mmea huo na kutoa asidi hiyo kwa kiasi cha hadi miligramu 100 katika kila lita.

Kisayansi, hilo lilikuwa jambo kubwa. Kibiashara, halikutosha hata kidogo.

KUPIMA, KUSAWAZISHA, KUSUBIRI

Miaka saba iliyofuata ilitumika zaidi katika udhibiti kuliko katika kuongeza jeni mpya, na ni hapo elimu ya swichi ilipojionyesha.

Tatizo la kwanza lilikuwa malighafi. Katika njia ya mevaloneti kuna kimeng'enya kimoja ambacho ndicho mlango mwembamba unaochelewesha wengine wote. Watafiti waliongeza nakala za jeni yake, wakiwa wameondoa kipande kinachoifanya itii amri ya kupunguza kasi. Malighafi ikaanza kumiminika.

Tatizo la pili lilikuwa njia panda. FPP nyingi iliendelea kuelekea kwenye ergosteroli. Kuifunga njia hiyo kabisa kungeiua hamira, kwa kuwa haiwezi kuishi bila utando imara. Suluhisho lilikuwa kuipunguza. Jeni inayoanzisha njia ya ergosteroli iliondolewa swichi yake ya asili na kuwekewa nyingine, iliyotoka kwa jeni ambayo hamira huitumia kufyonza madini ya shaba. Kwa maumbile, swichi hiyo hujizima shaba inapokuwa tele. Kwa hiyo ilitosha kuongeza chumvi ya shaba, ambayo ni bidhaa rahisi, ili njia ya ergosteroli ipungue bila kukatika.

Tatizo la tatu lilikuwa wakati. Hamira inayolazimishwa kutengeneza dawa tangu mwanzo hukua kwa shida. Jeni zilizoongezwa ziliwekwa chini ya swichi za sukari ya galaktosi, ambazo huzimwa glukosi inapokuwa nyingi. Kwa kawaida huhitaji galaktosi ili ziwake, lakini sukari hiyo ni ghali mno kwa kiwanda. Watafiti waliondoa jeni ya bawabu anayezizuia, iitwayo GAL80. Matokeo yake, hamira hukua kwanza ikiwa na glukosi ya kutosha. Glukosi inapopungua, swichi huwaka zenyewe na uzalishaji huanza. Tabia aliyoiona Monod katika bakteria, ya kumaliza glukosi kabla ya kuanza kingine, ina mwenziwe katika hamira, na hapa iligeuzwa kuwa saa ya kiwanda.

Tatizo la nne lilikuwa madhara kwa seli. Vimeng'enya vinavyobadilisha amofadini hutumia oksijeni kwa msaada wa protini saidizi inayovipatia elektroni. Ilipozidi, protini hiyo ilileta kemikali zenye kudhuru na seli zikafa. Jeni yake ikawekewa swichi dhaifu. Kinyume na matarajio ya wengi, kupunguza jeni moja kuliongeza mavuno. Kisha vikaongezwa vimeng'enya vingine viwili vya mmea vilivyoondoa haraka bidhaa za kati zenye sumu.

Mwaka wa 2013 ilichapishwa taarifa kwamba hamira hiyo ilitoa gramu 25 za asidi ya atemisinini kwa lita, yaani mara 250 ya kiasi cha mwaka wa 2006. Hatua ya mwisho, ya kuigeuza asidi hiyo kuwa atemisinini, hufanywa nje ya hamira kwa kemia inayotumia oksijeni iliyoamshwa, na kiwandani huamshwa kwa mwanga.

BEI, VIWANDA NA WAKULIMA

Kampuni ya Ufaransa ya Sanofi ilianza uzalishaji katika kiwanda chake cha Garessio, Italia, na mwaka wa 2013 WHO iliikubali atemisinini hiyo itumike katika dawa. Mwaka wa 2014 shehena ya kwanza ya dawa mseto zilizotokana nayo ilipelekwa katika nchi za Afrika. Kiwanda hicho kiliweza kutoa tani 50 hadi 60 kwa mwaka.

Lakini ushindi wa maabara haukuwa ushindi wa soko. Sanofi iliuza atemisinini yake kwa dola 350 hadi 400 kwa kilo, bila kulenga faida. Wakati huo ile ya shambani ilikuwa imeshuka chini ya dola 250. Wanunuzi wakafuata bei. Mwaka wa 2015 kiwanda hakikuzalisha atemisinini yoyote, na baadaye kikauzwa kwa kampuni ya Huvepharma ya Bulgaria.

Tathmini ya mkasa huo imegawanya maoni. Waliounga mkono mradi husema lengo halikuwa kuwaondoa wakulima, bali kuwa na akiba ya kuzuia bei isiruke kama ilivyoruka mwaka wa 2005, jambo ambalo lingemwacha mgonjwa bila dawa. Wakosoaji hujibu kwamba fununu tu za uzalishaji wa hamira zingeweza kuwatia hofu wakulima wadogo wakaacha kupanda, na kwamba fedha hizo zingeimarisha mbegu bora na mikataba ya haki kwa wazalishaji. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: gharama ya kutengeneza molekuli si kitu kimoja na gharama ya kumfikishia mgonjwa dawa.

Umuhimu wa suala lenyewe haujapungua. Kwa makadirio ya WHO, malaria iliwaua watu 597,000 mwaka wa 2023, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Vimelea vinavyostahimili atemisinini kwa kiasi vimethibitishwa nchini Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Iwapo dawa mpya zitahitajika, ujuzi wa kupanga njia za metaboli utakuwa mmojawapo wa zana za kuzitafutia.

SWICHI ZA BINADAMU

Udhibiti wa jeni umeanza pia kutumiwa kutibu magonjwa ya kurithi. Mfano ulio karibu na jamii za Pwani na za eneo la Ziwa Victoria ni selimundu, ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hupinda na kuziba mishipa. Chanzo chake ni kasoro moja ndogo katika jeni ya himoglobini ya watu wazima.

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyo na kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima. Tiba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka wa 2023, haiigusi jeni yenye kasoro. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, zikakatwa kwa teknolojia ya CRISPR mahali panapoiwasha BCL11A katika damu, kisha zikarudishwa mwilini. Kizuizi kikidhoofika, himoglobini ya utotoni hurudi kazini.

Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo Afrika, wanakozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo kuliko kwingineko, iko mbali sana na tiba hiyo.

SHERIA NA USALAMA

Nchini Kenya, kazi zinazohusu viumbe waliobadilishwa jeni husimamiwa chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka wa 2009. Mjadala wa umma umejikita zaidi katika mazao ya shambani, hasa mahindi na pamba. Vijidudu vya kiwandani ni suala tofauti kwa kiasi fulani, kwa kuwa hufugwa ndani ya matangi yaliyofungwa na huuawa kabla ya mabaki kutupwa. Aghalabu bidhaa inayouzwa ni molekuli iliyosafishwa, wala si kiumbe chenyewe. Insulini ya mgonjwa wa kisukari, kwa mfano, haina bakteria ndani yake.

Hilo halimalizi maswali. Nani anamiliki hataza za hamira iliyobuniwa kwa jeni za mmea uliojulikana kwa karne nyingi? Jamii zilizohifadhi ujuzi wa mimea zinapata nini? Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka wa 2010 na kuanza kutekelezwa mwaka wa 2014, inadai mgawanyo wa haki wa manufaa yatokanayo na rasilimali za kijenetiki. Lakini mfuatano wa jeni sasa husafiri kwa intaneti kama maandishi, na maabara huweza kuutengeneza upya bila kushika hata jani moja.

Kwa nchi zenye mimea mingi ya dawa na wakulima wengi wadogo, maswali hayo yatazidi kuwa mazito kadiri vijidudu vinavyozidi kupewa njia za metaboli za mimea. Wanasayansi wamekwisha kujifunza kuwasha na kuzima jeni kwa ustadi. Nani atanufaika swichi hiyo ikibonyezwa ni jambo ambalo maabara haiwezi kuliamua, nalo limebaki mikononi mwa serikali, wanunuzi wa dawa na wakulima wenyewe.